Balfouri sita boksi moja, sasa naona wanne tu: wanalana au?

"Mtaalamu habari. Nipo Leicester, Uingereza. Miezi minne iliyopita nilinunua balfouri wadogo sita, wale tarantula (buibui wakubwa wenye manyoya) wa Sokotra, muuzaji akaniambia ni wa mama mmoja, nikawaweka boksi moja la plastiki na wamekaa vizuri tu mpaka wamejaza utando boksi zima. Wiki hii nawaona wanne, na juzi nimekuta miguu miwili mikavu karibu na kibakuli cha maji. Kuna jamaa anaacha kufuga anataka kunipa wengine wawili, wakubwa kidogo kuliko wangu. Na ninaye OBT mmoja, tarantula wa aina nyingine, kwenye boksi lake. Nimesoma kwamba ukiwashibisha hawalani. Je niwaongeze hao wawili, na OBT anaweza kukaa nao kwa vile wote ni wa Afrika? Au niwatenganishe kabla hawajaisha? Mke wangu ni mjamzito na hana raha kabisa na hili boksi."

Mkuu, pole na presha. Nakupa jibu fupi kwanza: usiwatenganishe leo, hao wawili usiwaongeze, na huyo OBT usimuweke na mwenzake yeyote hata kwa dakika moja. Na kabla hujaamini kwamba wawili wameliwa tuiangalie hiyo miguu, maana miguu mikavu kwenye boksi la tarantula mara nyingi ni habari njema.

Ichukue kwa kibanio uiweke juu ya karatasi nyeupe chini ya taa. Tarantula anakua kwa kujivua gamba, na gamba lenyewe linatoka zima zima, miguu yote minane, manyoya, mpaka meno. Mguu wa gamba ni mtupu, mwepesi kiasi kwamba ukiupulizia kidogo tu unaruka, na ukiuweka mbele ya tochi mwanga unapita. Tafuta jirani na hapo kama kuna kifuniko kidogo cha mviringo, hicho ndo kilikuwa kimefunika kifua chake, kinabanduka cha kwanza wakati anajivua, na chini yake utaona meno mawili meusi yanang'aa. Ukiyaona hayo tulia, mtu kakua. Wakiwa wengi boksi moja wanayakanyaga magamba, wanayaburuta, yanakatika, ndo maana unaweza kukuta miguu miwili tu bila mwili. Aliyeliwa anaonekana tofauti kabisa. Tarantula anaponda windo kwa meno huku analimwagia majimaji ya kuyeyusha nyama, anafyonza, kinachobaki ni kidonge cheusi kilichofinyangwa, siku ya kwanza kina unyevu na harufu, baadae kinakauka, na vipande vya miguu vimejikunja humo ndani, ukivivunja unakuta vina mabaki. Sasa wewe umesema miguu mikavu, hukusema kidonge, kwa hiyo mimi bado sijawaandika hao wawili kwenye orodha ya marehemu.

Kuhusu kuhesabu, balfouri anayekaribia kujivua anajifungia shimoni, anaziba mlango kwa utando, na akishamaliza anabaki humo humo siku kadhaa mpaka meno yakomae maana yakiwa mapya ni meupe na laini hawezi kula wala kujitetea. Kwa hiyo kuwaona wanne kati ya sita ni kawaida sana. Hesabu usiku, taa ya chumbani imezimwa, tumia mwanga mwekundu hafifu, rudia kwa wiki mbili tatu. Ila usichimbe. Najua mkono unawasha, lakini ukichimba unabomoa mashimo yao, unawakusanya wote sehemu moja wakiwa na taharuki, na kama kuna mmoja amelala chali anajivua gamba hapo ndo utakuwa umemuua wewe mwenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, kwa nini hawa wanaweza kukaa pamoja. Watu wengi wanaamini balfouri wanapendana, wanaishi kifamilia, ukimtenga anapata upweke. Hapana. Duniani kuna zaidi ya spishi 50,000 za buibui zinazojulikana, na zile zinazoishi kijamii maisha yote, kujenga pamoja, kuwinda pamoja na kulea pamoja, hazifiki hata 30. Hata kwetu wapo, Stegodyphus, wale wanaotengeneza mifuko ya utando michafu michafu kwenye migunga huko sehemu kavu za Afrika mashariki na kusini, mfuko mmoja una mamia. Lakini hakuna tarantula hata mmoja kwenye kundi hilo. Balfouri hashirikiani na mwenzake, anamvumilia tu. Wanaishi kama wapangaji wa nyumba ya Kiswahili, kila mmoja na chumba chake, ukumbi ni wa wote, na amani inakuwepo kwa sababu kila mtu ana pa kujifungia.

Huo uvumilivu unatoka wapi? Karibu tarantula wote wakitoka kwenye mfuko wa mayai wana kipindi kifupi ambacho hawalani sana, wanakaa rundo moja kwa mama yao wiki chache, kisha kile kitu kinazimika na kila mmoja anashika njia yake, atakayechelewa analiwa. Kwa balfouri hicho kipindi kimerefuka mno. Wafugaji wengi wameshuhudia mama akiua windo kisha akawaachia watoto wakala, na watoto wakabaki naye miezi na miezi. Kwa hiyo kinachofanya boksi lako lifanye kazi ni ule utoto uliorefushwa, na utoto huo ni wa ndugu waliotoka pamoja. Tarantula ana macho manane lakini haoni kitu cha maana zaidi ya mwanga na kivuli. Dunia yake ni mtetemo na harufu, na harufu yenyewe anaipata kwa kugusa, kwa miguu. Akitembea mwenzake juu ya utando anapiga miguu, anagonga, anajibiwa, wanapishana. Utando nao unabeba harufu ya waliousuka. Ndugu wamekulia ndani ya huo utando mmoja tangu wana ukubwa wa punje ya mchele.

Ukishaelewa hapo, swali la wale wawili linajijibu lenyewe. Mgeni anaingia hajui njia, hana shimo, mtembeo wake ni wa kukimbia kimbia kwa woga, na mtetemo wa kiumbe anayekimbia kimbia kwa tarantula maana yake ni chakula. Halafu umesema ni wakubwa kidogo, na hapo kwenye hako ka "kidogo" ndo kwenye hatari kuliko kote. Ukiniuliza sababu kubwa ya kulana kwenye maboksi haya nitakwambia tofauti ya ukubwa, kuliko hata njaa. Wawili waliolingana wakikutana kila mmoja ana cha kupoteza kwa hiyo wanarudi nyuma. Mmoja akiwa mara mbili ya mwenzake hana sababu ya kurudi nyuma. Wapokee hao wawili kama unawataka, ni zawadi nzuri, ila kila mmoja boksi lake. Isipokuwa kama huyo jamaa alikuwa anawafuga pamoja tangu wadogo, basi waache pamoja hao wawili, mbali na wa kwako.

OBT. Huyu Pterinochilus murinus ni wa kwetu kweli, yupo Kenya, Tanzania mpaka kusini huko, na wale wa rangi ya chungwa wanaopendwa sana wanaitwa kwa jina la Usambara. Balfouri anatoka Sokotra, kisiwa cha Yemen, kiko kama kilomita 240 hivi mashariki ya pembe ya Afrika. Wote wawili waliandikwa kisayansi na mtu mmoja, Pocock, mwaka uleule 1897, na balfouri akapewa jina la Balfour, mtaalamu wa mimea wa Uskoti aliyeenda Sokotra mwaka 1880. Lakini hata wangetoka kijiji kimoja haisaidii. Spishi mbili kwenye boksi moja ni chakula na mlaji, unasubiri tu kujua nani ni nani, na kwa huyo OBT wala hutasubiri sana. Nimeona video watu wanachanganya spishi tatu nne kwenye tanki moja zuri lina mimea na taa, zinapata watazamaji wengi, ila hawakuonyeshi hilo tanki baada ya mwaka.

Na hili la kuwashibisha. Ni kweli nusu. Njaa inaongeza kulana, hilo halina ubishi, kwa hiyo boksi la pamoja linahitaji chakula kingi kuliko la mmoja. Lakini tarantula aliyeshiba bado anaruka kwa mtetemo, hafikirii tumbo lake kwanza, na mwenzake aliyetoka kujivua gamba ni laini, mnono, hana meno. Namna ya kulisha ina uzito kuliko wingi. Kwa hao wa kwako wadogo, mara mbili kwa wiki, nyenje wadogo au vipande vya mende waliokwishauawa, na uwatawanye pembe zote, usimwage sehemu moja wakakutana sita kwenye windo moja. Ukiwaona wawili watatu wanakula kipande kimoja usishtuke, hawa wanafanya hivyo. Ila nyenje mzima asilale humo usiku kucha. Kwenye boksi la sita karibu kila wakati kuna mmoja anajivua au yuko mbioni kujivua, na nyenje mwenye njaa anamtafuna tarantula aliyelala chali bila shida yoyote.

Boksi lenyewe. Sokotra ni kavu, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa upepo wa kusi unapiga mpaka zamani majahazi yalikuwa hayafiki kabisa, mvua ni kidogo na nyingi yake inakuja na kaskazi. Kwa hiyo udongo mkavu, makumbi ya nazi yaliyosagwa yaliyochanganywa na udongo wa kawaida usio na mbolea, yashindiliwe yasibomoke, kina kisipungue sentimita 15 wakishakuwa wakubwa. Kibakuli cha maji kila siku, na kona moja uilowanishe kidogo mara moja moja. Magome ya mti na vipande vya vyungu vilivyovunjika, vingi kuliko idadi yao, sita wapate sehemu kumi za kujificha. Wakiwa wadogo boksi la sentimita 30 linatosha na ni zuri maana wanakipata chakula, wakikua tafuta tanki la 60 kwa 45, na uwahamishe mara moja tu maana kila uhamisho unavunja ule utaratibu wa nani anakaa wapi.

Joto sasa, maana upo Leicester na najua bili ya gesi ilivyo huko. Wanataka nyuzi 24 mpaka 27 hivi, usiku zikishuka kidogo sio tatizo. Usiweke mkeka wa joto chini ya boksi. Buibui wa kuchimba akisikia joto anafanya anachojua, anachimba kwenda chini kutafuta baridi, sasa joto likitoka hukohuko chini anazidi kulifuata mpaka anakauka. Uweke ubavuni, na uwe na themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto. Ukiweza kupasha kachumba kadogo badala ya boksi ni bora zaidi.

Nadaiwa kukwambia na upande wa pili kwa haki. Kukaa pamoja hakumfaidishi tarantula chochote ambacho hakipati akiwa peke yake. Balfouri wa peke yake anakula, anakua, anasuka, anaishi miaka mingi tu bila tatizo. Pamoja tunawaweka kwa ajili yetu sisi, kwa sababu ni maajabu kuwaangalia, na nikisema maajabu namaanisha, ile rangi ya buluu ya miguu kwenye mashimo sita kwa mpigo usiku. Lakini ujue unanunua hatari, na hata ukifanya kila kitu sawa unaweza kumpoteza mmoja. Kama kumpoteza mmoja kutakuumiza kiasi cha kujilaumu, watenganishe mapema wakiwa bado wadogo na hakuna atakayekulaumu. Mimi kwa hali uliyonieleza, ndugu, ukubwa mmoja, utando umejaa, miezi minne ya amani, ningewaacha.

Kuna hali ambazo ningebadilisha uamuzi siku hiyohiyo. Ukiona kidonge cha kwanza ni ajali, ukiona cha pili ndani ya muda mfupi hiyo ni tabia. Ukiona mmoja amewaacha wenzake mbali kwa ukubwa, huyo mtoe peke yake, yeye ndo tatizo, sio wote. Ukiona mmoja siku zote yuko nje ya utando juu juu kwenye kona, tumbo dogo kuliko kifua, huyo hana chumba, anakimbizwa, mtoe. Na dume akikomaa, utamjua kwa miguu mirefu mwili mwembamba na zile ncha za vimikono vya mbele zimevimba kama kagloves, huyo pia mtoe, maana atapanda dada zake na utajikuta una mamia ya watoto hujui pa kuwapeleka. Kutoa: weka boksi zima ndani ya bafu kavu lililozibwa shimo, kikombe cha plastiki angavu, brashi laini, taratibu. Balfouri ana mbio usizozitarajia.

Kama unapenda hii staili ya pamoja, yupo na Heterothele villosella, mdogo wa sentimita tano sita tu na miguu yake, ni wa Tanzania, wafugaji wengi Ulaya wanamfuga kwa makundi. Poecilotheria wa India nao wanakutwa mama na watoto kwenye tundu moja la mti, ila sumu yao inaumiza sana na tangu 2019 biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, hao waache kwanza. Na tafadhali, nunua waliozalishwa hukohuko Ulaya. Usimwambie ndugu akubebee kutoka nyumbani kwenye begi. Tanzania ilifunga kusafirisha wanyamapori hai tangu 2016, na Kenya mwezi wa tano 2025 mahakama iliwapiga watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa ajili ya sisimizi tu, sisimizi, wamewaficha kwenye vichupa. Buibui hawana unafuu wowote.

Shemeji namwelewa kabisa, na ana haki ya kukuuliza maswali. Mwambie hivi: tarantula wa Afrika na Asia hawana yale manyoya ya kuwasha ambayo wale wa Amerika wanayarusha, kwa hiyo hakuna kitu kinachopeperuka hewani kutoka kwenye lile boksi. Hatari yao ni kung'atwa, na kung'atwa kunahitaji mkono kuingia ndani. Hakuna kifo kilichothibitishwa cha mtu kutokana na sumu ya tarantula. Ila maumivu ya hawa, balfouri na OBT wote, ni makali, na misuli inaweza kukaza saa nyingi au siku baadae, sio kitu cha kumfanyia majaribio mama mjamzito. Kwa hiyo boksi liwe na kufuli, chumba ambacho yeye hana shughuli nacho, asilishe, asisafishe, asihamishe hata kama wewe umesafiri. Wewe mwenyewe tumia kibanio kirefu cha sentimita 30, mikono isiingie. OBT wako ndo wa kumwangalia zaidi, ukiniuliza kipi kitoke humo ndani mpaka mtoto azaliwe nitakwambia huyo.

Akitokea mtu ameng'atwa, osha kwa maji na sabuni, vua pete na saa kabla hapajavimba, parasetamoli, piga 111, namba ya ushauri wa afya ya huko Uingereza, uwatajie jina la kisayansi, liandike kabisa ubandike kwenye boksi. Pumzi ikibana, uso ukivimba, kifua kikikaza au misuli ikianza kukaza mwili mzima, hiyo ni 999, namba ya dharura. Dawa ya kuua sumu ya tarantula hamna, hospitali watatuliza maumivu na hiyo misuli, na wanaweza. Kwa shemeji usisubiri dalili, hata kama ameguswa kidogo tu piga simu na umtaarifu mkunga wake, na dawa nyingine zaidi ya parasetamoli asimeze kabla hajauliza.

Kwa buibui mwenyewe, akianguka au mguu ukakatika ukaona majimaji mepesi yanatoka, nyunyizia konflawa kavu palepale pazibe, mguu utaota tena akijivua. Tumbo likipasuka, au mmoja akikwama nusu nje kwenye gamba zaidi ya siku nzima, tafuta daktari wa wanyama anayepokea reptilia na wadudu, sio kila kliniki inawapokea kwa hiyo piga simu kabla ya kutoka, na ni vizuri ukaitafuta namba hiyo wiki hii wakati hamna dharura. Kesho usiku zima taa, hesabu, halafu nitumie picha ya hiyo miguu kwenye karatasi nyeupe, upande wa chini, tuone kama ina kitu ndani.